Usilie Mpaka Ikauke

"Mwenzio anakufa humo ndani, wewe umejipamba utadhani unakwenda kwenye sherehe ya sendofu!"

Shamimu aliyasema hayo kwa sauti ya juu, pale kwenye benchi la nje ya wodi, na watu wote waliokuja kuona wagonjwa wakageuza shingo. Maimuna alishusha mkoba wake begani, akainama kwanza kwa mama mtu mzima aliyekaa pembeni ya Shamimu, kanga ya kichwani imemwangukia mabegani wala hana habari nayo.

"Shikamoo mama."

Bi Mwanahawa hakuitikia. Alimtazama mchumba wa mwanawe Hafidhi kuanzia nyusi mpaka kidevu. Fandesheni imetulia, wanja haujasogea hata kidogo, mdomo una rangi yake. Jua la Morogoro siku hiyo lilikuwa linawatoa watu jasho hata kivulini, lakini uso wa binti ulikuwa mkavu kabisa.

"Mimi macho yamevimba mpaka sioni njia," Bi Mwanahawa alisema. "Wewe huna hata alama ya chozi. Halafu nikubali mwanangu afunge ndoa kitandani na mwanamke asiyemlilia? Sikubali. Kaka yangu Ahmadi akishuka kutoka Kinole nitamwambia hivyo hivyo."

"Tena kaka ana mapenzi ya ajabu," Shamimu akadakia. "Mama yake mzazi akiingia anageukia ukutani. Huyu na marangi yake ndiye anayeitwa!"

Hapo hofu ikamwingia Maimuna. Kwa Waluguru wenzetu, jambo la mtoto haliendi bila mjomba. Ahmadi akisema hapana, hakuna sheikh atakayekanyaga wodi ile. Na Hafidhi hakuwa na siku za kusubiri. Daktari alishasema bila kuficha kwamba ini limekwisha, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Ombi la Hafidhi lilikuwa moja tu: afe akiwa mume wa Maimuna.

Simu ikatetemeka mkononi. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyelala hatua chache tu kutoka pale, nyuma ya ukuta.

"Namsikia Shamimu mpaka huku. Usimjibu. Ingia na uso wa Kingolwira."

Maimuna aliusoma, akameza mate, akaingia.

Huo uso wa Kingolwira una kisa chake. Yeye na Hafidhi walikutana huko, kwenye harusi, Maimuna akiwa ndiyo kwanza anajifunza kazi ya kupamba maharusi. Hakuwa na sprei ya kukazia mekapu. Alitia maji ya waridi kwenye kichupa cha kupulizia, akampulizia bibi harusi, akajiona fundi. Ulipofika wakati wa kumuaga mama yake, bibi harusi akalia kama desturi inavyotaka, na mekapu yote ikashuka naye. Mpiga picha akashusha kamera, akamsogelea Maimuna taratibu.

"Dada, bibi harusi wako anayeyuka. Fanya jambo, mimi sikuja kupiga picha punda milia."

Maimuna alitamani ardhi immeze. Siku chache baadaye mpiga picha yule yule akatokea saluni kwake Mwembesongo, ameshika chupa mbili kutoka Kariakoo.

"Hii ina spiriti, inakausha haraka, ya watu wa ngozi ya mafuta kama wewe," alimwambia. "Hii nyingine haina, ya ngozi kavu. Muuzaji kanifundisha mpaka nikaomba maji ya kunywa. Tikisa kwanza. Shika mbali, urefu wa mkono. Afumbe macho, abane pumzi, na asiguse uso mpaka ikauke. Na usinunue kwa uzuri wa chupa, uliza kama inahimili machozi."

"Mwanaume mzima umeyajulia wapi haya?"

"Nyuso ndiyo kazi yangu. Wewe unazitengeneza, mimi nazitunza."

Tangu hapo ikawa harusi moja wote wawili, Mazimbu, Kisaki, popote walipoitwa, na uso uliokazwa usiyeyuke wakauita, kwa utani, uso wa Kingolwira. Na mtu akikuangalia usoni kila wiki, iko siku atakuangalia kwa namna nyingine.

Sasa mpiga picha alikuwa amelala chali, mashavu yamezama, macho yamekuwa ya njano.

"Umependeza," Hafidhi alisema. "Usiniangalie macho lakini. Hiyo rangi sikuiweka mimi."

Maimuna akacheka, kwa sababu alijua Hafidhi anataka acheke.

"Mama amekataa?"

"Atakubali tu."

"Kwa nini humwambii ukweli? Mwambie mimi ndiye nilikuomba uje hivi. Kila anayeingia humu analia, najiona nimeshazikwa. Nilitaka uso mmoja tu usionizika."

"Nimwambieje mama yako, Hafidhi? Nimwambie machozi yake ndiyo yanakugeuza ukutani? Bora anichukie."

Hafidhi akanyoosha kidole chembamba, akamgusa pembeni ya pua.

"Leo umepuliza mara nyingi. Hapa pamekuwa pagumu. Umelia, ukatengeneza, ukalia tena, ukatengeneza."

"Kumbe unajua?"

"Nilisema sitaki kuona. Sikusema sijui."

Maimuna aliuma mdomo mpaka rangi ikabaki kwenye meno.

"Nisikilize," Hafidhi aliendelea. "Nikikuoa nakuachia edda. Miezi minne na siku kumi, huna poda, huna wanja, huna kazi. Msimu wa harusi utakupita umekaa ndani Kinole kwa mama anayekuchukia. Wateja watahamia kwingine."

"Wahame."

"Bado unaweza kusema hapana. Sitakasirika. Nitapata wapi muda wa kukasirika?"

"Hafidhi, hebu nyamaza."

Maumivu yakamkamata palepale. Alijikunja, jasho likamtoka, lakini hata hapo alimsukuma Maimuna kwa kiganja.

"Toka kidogo. Muuguzi anichome sindano. Halafu urudi... urudi hivyo hivyo ulivyo."

Maimuna alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda mpaka kwenye bomba ambapo ndugu wa wagonjwa hufulia na kuoshea vyombo. Hapakuwa na mtu. Alipiga magoti kwenye saruji yenye maji, akajaza mtandio mdomoni, akalia. Alilia mgongo wote ukiruka. Alilia akimwomba Mungu amwachie Hafidhi hata kwa mwaka mmoja tu.

Baadaye akajifuta kwa kubonyeza, hakusugua. Akatoa kioo, akaweka poda chini ya macho, akarudishia wanja. Akatikisa chupa, akafumba macho, akapuliza. Ndipo akasikia bakuli likianguka nyuma yake.

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama pale, uji umemwagika miguuni.

"We mtoto," alisema polepole. "Kila siku huwa unafanya hivi?"

Maimuna hakuweza kujibu. Uso ulikuwa haujakauka.

"Nakuuliza. Kila siku?"

Akatikisa kichwa kukubali.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mama."

"Usinidanganye. Ni Hafidhi. Nimemzaa mimi, namjua." Bi Mwanahawa aliketi kwenye ukingo wa saruji. "Kumbe ndiyo maana ananigeuzia mgongo. Nilidhani kuna baya nimemtendea. Usiku na mchana najiuliza, nimemkosea nini mwanangu?"

"Hujamkosea, mama. Anakupenda. Hawezi tu kuona ukiumia kwa ajili yake."

Mama akajifunga kanga vizuri kichwani, akamgeuzia Maimuna uso wake uliovimba.

"Nipake na mimi."

"Mama?"

"Hicho kidudu chako. Nipake. Nataka mwanangu aniangalie."

Maimuna alichakura mkoba, akaacha chupa yake, akatoa nyingine.

"Ile yangu ina spiriti, mama, wewe ngozi yako kavu, itakuvuta na kukuwasha. Hii ni laini."

Alimwosha uso kwa maji ya bomba, akampaka mafuta kidogo, poda nyepesi, wanja kiasi tu.

"Fumba macho. Bana pumzi."

"Hii inazuia machozi?"

"Haizuii, mama. Inaficha tu yalipopita. Usilie mpaka ikauke."

Bi Mwanahawa alifumba macho, kidevu kinamtetemeka, akangoja. Waliingia wodini wameshikana mikono. Hafidhi aliwatazama, akamtazama mama yake muda mrefu, na safari hii hakugeukia ukutani.

"Mama," alisema. "Leo umekuwa msichana."

"Mjinga wewe," mama akamjibu, na sauti haikukatika. "Ahmadi anakuja kesho. Nitamwambia alete sheikh."

Siku ya pili wodi ilinyamaza. Baba yake Maimuna alikaa upande mmoja wa kitanda, Mjomba Ahmadi upande wa pili, Shamimu mlangoni akiwa amejitanda, haya zimemjaa. Sheikh akauliza mahari.

"Nataka chupa moja ya sprei ya kukazia," Maimuna alisema. "Kama ile aliyoniletea saluni."

Mjomba Ahmadi aligutuka. "Mahari gani hiyo, binti?"

"Mahari ni anachotaka mwanamke," sheikh akasema. "Bwana Hafidhi, unayo?"

Hafidhi aliingiza mkono chini ya mto. Alikuwa nayo. Alishaomba Shamimu amnunulie, bila kumwambia ni ya mahari, hata kabla mama hajakubali. Shamimu aliposikia kazi ya chupa ile, alikimbilia koridoni kulia.

Ndoa ikafungwa. Hafidhi aliomba kamera, akaishika juu ya kifua kwa mikono miwili, akawapiga picha mke wake na mama yake. Kamera ilikuwa nzito kwake, ikabidi mjomba amshikie kwa chini.

Alfajiri ya Ijumaa Hafidhi alikata roho, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mkewe. Maimuna alikuwa amejipamba. Alijipamba hata alfajiri hiyo, maana alikuwa ameahidi.

Wakampandisha Kinole siku hiyo hiyo, wakamzika baada ya swala ya Ijumaa, mlimani juu ya shamba la migomba, ukungu ukishuka kutoka Uluguru. Maimuna alikaa chumbani mkekani kati ya wanawake wa msiba, ameduwaa, ameishika ile chupa ya mahari ndani ya kanga. Machozi yalikuwa hayamtoki. Alikuwa ameyazoesha kukaa ndani. Na mekapu ya alfajiri ilikuwa bado imeshika, nzima, kama imepakwa sasa hivi.

"Huyo ndiye mjane?" mmoja akanong'ona. "Mbona uso hivyo?"

Bi Mwanahawa alisikia. Aliinuka na beseni la maji ya vuguvugu na kipande cha sabuni, akaketi mbele ya mkwewe.

"Uso huu aliutaka mwanangu," aliwaambia wote. "Na mimi nilipakwa huohuo."

Akaanza kumwosha. Alimwosha nyusi, akamwosha mashavu, akaondoa wanja kwa ncha ya kanga yake mwenyewe, maji yakageuka ya kahawia. Chini ya rangi ukatokea uso wa msichana aliyechoka, macho mekundu, ngozi imechubuka kwa kupulizwa na kufutwa. Wanawake wakaacha kunong'ona.

Bi Mwanahawa akaichukua ile chupa kutoka mkononi mwake, akaiweka juu ya kabati.

"Hii itakungoja mpaka utoke edda. Hakuna tena wa kumfichia, mwanangu," alisema. "Sasa lia."

Maimuna akamwangalia mama yake Hafidhi, mdomo ukamcheza, na akalia kwa sauti, kichwa kwenye mapaja ya mkwewe. Bi Mwanahawa hakumfuta.