Yule Mzee Simjui

Kila Jumamosi asubuhi Greta Novak alimsomea babu yake habari za besiboli gazetini. Mzee Emil alikaa jikoni na kikombe chake cha kahawa, uso ameuelekeza dirishani, kwenye mashamba ya mahindi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Watu aliwatambua kwa sauti, na maandishi hakuyaona kabisa. Greta akisoma kwamba mrushaji fulani alitupa mipira ovyo, mzee alitikisa kichwa na kusema, "Nilijua. Bega lile limechoka."

Jumamosi hii hapakuwa na kusoma. Walikuwa wanakwenda Chicago kuitazama mechi yenyewe. Babu hakuwa amekanyaga uwanjani tangu bibi afariki, na aliamka kabla ya wote akajiandaa. Alivaa fulana ya timu ya kiwanda alichofanyia kazi ujanani, imepauka na ina kiraka begani. Shingoni alining'iniza redio ndogo kwa kamba ya kiatu, maana asichokiona angekisikia kwa mtangazaji. Mkononi alishika mfuko wa mikate yenye soseji na vitunguu vya kukaanga, na harufu yake ikajaa gari zima.

Mama yake Greta aliwaendesha hadi stesheni inakoanzia treni. Siku ya mechi, mtu mwenye akili timamu haingizi gari lake jijini, na isitoshe yeye alikuwa na zamu hospitalini. Alimkabidhi babu tiketi zote mbili, kisha akamshika Greta bega.

"Mkifika jijini mtabadilisha treni, na kule watu ni wengi," alisema. "Leo wewe ndiye macho ya babu yako. Usimwache hata kidogo."

Greta aliahidi, tena kwa moyo wote.

Behewa lilikuwa nusu tupu. Babu alikaa karibu na mlango, akafungulia redio, akafungua mfuko, na baada ya muda mfupi alikuwa anapiga soga na kila aliyepita. Greta alihamia kiti cha mbele kidogo apate dirisha. Hapo ndipo alipokuwa treni iliposimama mji uliofuata, akaingia Paige pamoja na kaka yake, Colby, nao wakielekea mechi hiyo hiyo.

Paige alikuwa nahodha wa timu ya wasichana shuleni. Greta alikuwa amechukuliwa kwenye timu hiyo majuzi tu, na tangu siku hiyo alipima kila neno kabla ya kulisema mbele ya Paige. Paige alipomwona alifurahi, akajitupa kando yake. Halafu akakunja pua.

"Nani amekuja na jiko lake humu ndani?"

Colby aligeuka nyuma kutazama, akacheka. "Ni yule mzee mwenye redio shingoni. Utadhani ng'ombe na kengele yake."

"Unamjua?" Paige alimuuliza Greta. "Naona anatazama huku."

Greta alihisi masikio yanawaka moto. Alikitazama kile kiraka, ile kamba ya kiatu, na yale makombo ya mkate kwenye kidevu cha babu.

"Yule mzee simjui," alisema. "Nimemkuta humu humu."

Nyuma yao redio ikanyamaza. Greta alipotupa jicho aliuona mkono wa babu bado uko kwenye kitufe. Alikuwa ameizima. Alikuwa amesikia.

Paige aliuliza amesafiri na nani, naye Greta akasema mjomba wake wa jijini anamngoja uwanjani. Hakuwa na mjomba jijini. Uongo wa kwanza ulikuwa umeshaanza kuzaa.

Kisha akaja mkaguzi wa tiketi, mtu mpole mwenye tabasamu, naye akaanzia mlangoni. Hapo Greta akakumbuka kwamba tiketi yake ilikuwa mfukoni mwa babu. Alimsikia babu akikohoa.

"Hii ni yangu," mzee alisema. "Na hii nyingine ni ya yule binti aliyekaa na wenzake pale mbele. Aliidondosha wakati wa kupanda, nami nikamwokotea."

Mkaguzi alimshukuru kwa wema wake, akamletea Greta tiketi na kumwambia awe mwangalifu. Paige akasema kumbe mzee ni mtu mzuri. Greta aliipokea ile tiketi bila kuinua uso. Laiti babu angemkaripia mbele ya behewa zima, angeona nafuu. Lakini babu alikuwa amemfichia, na tangu hapo mikate ilibaki mfukoni bila kuguswa.

Walipoteremka kwenye stesheni kuu, Paige alimshika mkono akamvuta katikati ya umati. Greta aligeuka mara kwa mara. Babu alikuwa anakuja nyuma, kiganja kimoja ukutani, akifuata sauti zao. Greta akapunguza mwendo kidogo, kisha kidogo tena, akijidanganya kwamba hiyo inatosha. Walitembea hadi kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, ile ya laini nyekundu, wakashuka. Treni ilikuwa imefika. Watu waliwasukuma ndani, na milango ikafungwa.

Kupitia kioo Greta alimwona babu amebaki jukwaani. Alikuwa amevua kofia yake kwa adabu, anauliza njia. Mbele yake hapakuwa na mtu. Kulikuwa na nguzo.

"Tazameni," alisema Colby, "anaisalimia nguzo."

"Ni babu yangu," alisema Greta.

Colby hakucheka tena. Paige alimkodolea macho. "Si umesema humjui?"

"Nilisema uongo. Haoni vizuri, na mama amenikabidhi mimi. Niliona haya kwa sababu yenu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Lazima nirudi."

Colby hakubishana. Alisema mtoto hawezi kurudi peke yake katika umati ule, na kwamba hata yeye ana neno la kumwambia mzee. Waliteremka kituo kilichofuata na kupanda treni ya kurudi. Njiani Paige akasema polepole, "Nilimcheka babu yako, na wewe ukaniacha nicheke."

Walimkuta ameketi kwenye benchi, kofia juu ya goti. Greta alisimama mbele yake.

"Nani?" aliuliza babu.

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

Pengine mzee hakuitambua sauti iliyojaa kilio. Pengine aliitambua. Greta hakujua, na hakuthubutu kuuliza.

"Greta," alisema. "Mjukuu wako. Nisamehe, Babu."

Mzee alinyoosha mkono, akaushika wa Greta, akainuka. Alisema tu kwamba mechi haimngoji mtu. Greta akawatambulisha Paige na Colby, na Colby akamwomba radhi kwa kumcheka alipoisalimia nguzo, na kwa yale maneno ya kwenye treni ambayo mzee alikuwa ameyasikia yote. Babu alimjibu kwamba ng'ombe mwenye kengele angalau hapotei, na Colby akainamisha kichwa.

Walifika uwanjani mchezo umeshapamba moto. Greta alikaa kando ya babu akimwelezea kila mpira, nani amepiga, nani anakimbia, mpaka sauti ikamkauka. Timu zilipobadilishana nafasi, babu alimwinamia.

"Fulana hii ni kuukuu, na vitunguu vinanuka, najua," alisema. "Ukiona haya kwa hayo, utakua, yatakutoka. Hayo hayakuniumiza sana. Lakini yule mkaguzi alikuwa mtu mwema, nami mzee mzima nikamdanganya mchana kweupe, na juu ya hayo akanishukuru. Uongo wako haukubaki kwako, Greta. Uliniletea na mimi niubebe, na nikaubeba kwa kuwa nakupenda. Siku nyingine ulimi ukitaka kusema uongo, jiulize kwanza ni nani atalazimika kuusema pamoja nawe. Mara nyingi huwa ni yule anayekupenda kuliko wote."

Greta akasema kwamba jioni, kabla mama hajauliza safari ilikuwaje, yeye mwenyewe atamweleza yote, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.

"Hata ile nguzo?" aliuliza babu.

"Hata ile nguzo."

"Basi," alisema babu, "hebu niambie sasa ni nani anayepiga."