Dada Pasi na Neno la Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Dada Pasi alisimama mbele ya karatasi aliyoibandika ukutani. Alikuwa mpiga pasi katika chumba cha dobi hotelini. Sasa palihitajika mtu wa kupokea simu za wageni, na mtihani wa Kiingereza ulikuwa Ijumaa. Mara ya kwanza alishindwa. Hii ilikuwa nafasi yake ya mwisho.

"Pick up," alisoma. "Kuokota. Kupokea simu. Kuchukua mzigo. Kumpitia mtu. Kujifunza kwa kusikia..."

"Umeruka moja," alimchokoza mumewe, seremala. "Hata mbao zangu zimeshakariri."

Dada Pasi hakucheka. Kila alipoulizwa, maana zote zilimtoka kichwani.

Jioni alibisha kwa jirani, Bibi Opereta, aliyeunganisha simu za watu kwa miaka thelathini.

"Shikamoo, Bibi. Neno hili linanitoa jasho."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione." Bibi akaisoma karatasi. "Mbona humu hamna watu? Sisi hatukuwa na orodha. Tulivaa vile vidude vizito masikioni, tukasikiliza. Mume anamwambia mkewe, 'I'll pick you up at six.' Basi, nikajua atampitia saa kumi na mbili. Ah, siku zile! Taa zinawaka ubao mzima wa simu, na sisi tunacheka tu." Aliikumbuka kazi ile mpaka machozi yakamlengalenga. "Kila maana itungie sentensi nzima, mwanangu. Mtie humo mtu unayemjua."

Usiku huohuo karatasi ilibanduliwa. Dada Pasi akamwandika mumewe akiokota misumari. Alipofika kwenye kumpitia mtu, kalamu ilisimama. Akilini alimwona marehemu mama yake kwenye geti la shule, mikono ikinukia sabuni.

Ijumaa msimamizi wa mtihani alisema, "Nipe sentensi tatu zenye pick up, kila moja na maana yake."

Mbili zilitoka bila kusita. Ya tatu ilikuwa hii: "My mother picked me up from school every day." Mama alinipitia shuleni kila siku.

"Every day," alirudia. "Hata mvua ikinyesha."

Alifaulu, na Jumatatu Dada Pasi alikaa kwenye meza ya simu. Mgeni wa kwanza akapiga, anataka suti yake ichukuliwe chumbani.

"Yes, sir. We will pick it up now."

Akakata simu, akacheka peke yake, kisha machozi yakamtoka. Laiti mama angemsikia.