Kinachoamka na Mashine

Kompyuta ya mama mmoja mpiga chapa ilianza kujikohoza. Kila asubuhi alipoiwasha, kabla kioo hakijapata mwanga, spika zilikwangua koo kama mzee mwenye mafua, kisha zikatema. Baadaye kibodi nayo ikaanza kutoa ute: wa njano, wa vuguvugu, wenye nyuzi zilizomfuata kidole kila alipokiinua. Duka zima likanuka kinywa ambacho hakijawahi kuonja mswaki. Wateja walikuwa wakiishia mlangoni, wameshika pua.

Akamwita shemeji yake, fundi kompyuta. Alifika mchana, binti mchanga wa yule mama amelala kwenye mkeka chini ya meza.

"Shemeji, kuna programu huzifungui wewe," fundi alinong'ona ili asimwamshe mtoto. "Mashine ikiamka tu, nazo zinaamka. Nyingine zote zinangoja ziitwe. Hebu tuzione."

Akafungua orodha ya programu hizo kwenye kioo. Ya kuzuia virusi, ipo. Ya printa, ipo. Chini kabisa palikuwa na mstari usio na jina wala mtengenezaji, na hapo kioo kilikuwa kinatoka jasho zito.

"Hii umeiweka wewe?"

"Niiweke ya nini, shemeji? Itoe! Mwenzio nataka kutapika."

Fundi akaziba pua kwa kola ya shati, akabonyeza kuizima. Spika zikavuta kamasi ndani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kusema.

"Sasa," ikasema sauti nzito iliyojaa mate, "nitaamka na nani?"

Fundi akachomoa waya ukutani. Kimya. Harufu ikakatika ghafla, wakapumua, wakatazamana, fundi akaanza kucheka kile kicheko cha woga, mpaka mama alipohisi uvundo uleule ukipanda tena, safari hii kutoka miguuni pake, chini ya meza, ambako binti yake alikuwa akijinyoosha na kupiga miayo, macho bado yamefumbwa, na ndani ya kile kinywa kidogo chenye meno mawili koo la mzee likakwangua, likajaa, na ute wa njano ukaanza kuteleza kidevuni.

Mama akapiga magoti. Akaweka kiganja kifuani kwa mwanawe, akaanza kumpigapiga polepole.

"Lala, mama," akambembeleza. "Lala. Usiamke, mama. Usiamke."