Dodoso la Yusta

Yusta alikuwa barazani kwake, Kibondo, akichambua maharage. Mumewe, Marcel, alikuwa akichonga mpini wa jembe.

"Tawi la Kasulu jana walijaa ukumbi," Yusta alisema. "Theodosia amenitumia picha. Makusudi."

"Ninyi mlikuwa wangapi?"

"Saba. Watatu walisinzia."

Yusta ni muuguzi katika kituo cha afya, na ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Theodosia, katibu wa tawi la Kasulu, alisoma naye chuo cha uuguzi, na kila mtihani Yusta alimpita. Sasa uchaguzi wa tawi ulikuwa umekaribia. Wanachama kumi na mmoja walikuwa wamechukua fomu za kujitoa chamani.

"Anawapa watu soda, huyo Theodosia," Yusta alisema.

"Mama Recho, unatupa maharage mazima," Marcel alisema. "Nenda ukamwulize."

Hakwenda. Alisikia tu kwamba Kasulu wanatumia dodoso, yaani karatasi ya maswali kwa wafanyakazi. Akaandika lake, maswali thelathini, ili limzidi la Theodosia. Juu akaweka nafasi ya jina. Akawaambia watu warudishe karatasi mezani kwa mganga mfawidhi, mkuu wa kituo.

Aligawa karatasi arobaini. Zilirudi nne. Zote ziliandikwa: "Hakuna tatizo."

Jumamosi alipanda basi kwenda Kasulu. Theodosia alimkaribisha ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka, kisha akalisoma dodoso lile bila kucheka. Hilo lilimuuma Yusta zaidi.

"Mwenzangu, wewe ungemlalamikia mkuu wako, jina lako likiwa juu, halafu ukamwekea mezani kwake?"

Yusta aliikunja karatasi yake.

"Sisi tuliuliza maswali matano, bila majina," Theodosia alisema. "Kila mjumbe aliwafuata watu wanane, akauliza, akasikiliza. Swali la mwisho: uko tayari kufanya nini? Anayejitolea ndiye anayeandikwa jina, kwa hiari yake. Kisha tuliwarudishia watu majibu. Ukiuliza ukakaa kimya, mara ya pili hawatakujibu."

"Na soda?"

"Soda gani? Kila mtu alikuja na maji yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka unionee wivu kidogo. Chuoni mimi nilikuonea wivu miaka mitatu."

Yusta alirudi, akachagua wajumbe watano. Kila mmoja alipewa watu wanane. Baada ya wiki mbili, thelathini na sita walikuwa wamejibu. Yusta alidhani watalilia posho ya nyumba. Waliitaja sita tu. Ishirini na tisa walitaja ratiba ya zamu. Ilibandikwa Ijumaa jioni, kwa zamu za Jumatatu. Wenye mashamba hawakujua siku ya kupanda. Waliotoka mikoa mingine hawakuweza kupanga safari ya kuwaona watoto wao.

Majibu yalisomwa mkutanoni. Walikuja thelathini na wanne. Kumi na saba, waliokuwa wamejitolea, walikwenda pamoja kwa mganga mfawidhi na hesabu hiyo. Aliisoma mara mbili. Siku hizi ratiba hubandikwa wiki mbili kabla.

Kati ya wale kumi na mmoja, tisa walirudisha fomu bila kuzijaza. Yusta alichaguliwa tena.

Alimtumia Theodosia picha ya mkutano na hesabu ya majibu. Jibu lilikuja upesi: "Thelathini na sita kati ya arobaini? Sisi tulipata nusu tu. Uliwapa soda?"

Yusta alilisoma mara tatu, akauvuta ungo karibu. Siku hiyo hakutupa hata harage moja zima.