Amejuaje Kitanda cha Trela Yetu?

"Kile kitanda cha nyuma kinalia ukigeuka. Kunjeni taulo, muweke pale kwenye chuma."

Aliyesema hivyo ni Delfina, mama wa mchumba wa mwanangu. Kasimama mlangoni mwa trela ya marehemu mume wangu...

Jamani!

Maana ni kweli, kinalia! Lakini mimi nilidhani hilo tunalijua wawili tu duniani. Mimi na Eusebio wangu... naye yuko kaburini mwaka wa tatu sasa.

Na hiyo ilikuwa mara ya pili kunishtua siku ile.

Trela yetu ni zile za kukunjwa. Ikifungwa ni kama sanduku la kukokota nyuma ya gari. Ukizungusha mpini, paa linapanda, vitanda vinatoka huku na huku, turubai linakuwa ukuta. Kila kiangazi Eusebio alitupeleka nayo kupiga kambi hapa mto Frio.

Mwaka huu Abelardo, mwanangu, akasema, "Mama, tuwaalike Yesenia na mama yake. Harusi imekaribia, mzoeane."

Basi tukafika, akazungusha mpini. Paa likakwama katikati.

"Baba alikuwa na ujanja wake hapa," akasema, jasho linamtiririka.

"Rudisha nyuma kidogo," Delfina akadakia. "Halafu sukuma kona ya mlangoni kwa bega."

Paa likapanda, laini!

"Mama mkwe, umejulia wapi?"

"Aah... trela zote si zinafanana."

Zote zinafanana? Na vitanda vyote vinalia?

Ndugu mnaonisoma, mchana kutwa sikumwondolea macho. Nywele kapaka rangi, midomo kapaka rangi. Akipita karibu na trela, analipapasa turubai kama mtu anayempapasa mtu.

Nikaanza kukumbuka zile Jumamosi Eusebio alizochelewa mjini Uvalde. Eti anatafuta vipuri. Vipuri gani hivyo visivyopatikana?

Nyama ikaiva. Delfina akaniletea tortila ya moto, ile chapati ya mahindi, imejaa nyama mpaka inamwagika.

"Dada Hortensia, kula basi."

"Nimeshiba."

"Hujagusa kitu tangu tufike!"

"Nimeshiba kwa niliyoyaona."

Abelardo na Yesenia wakatazamana. Delfina akaweka sahani chini, akaondoka.

Nikasali moyoni: Bwana, ushike ulimi wangu. Akaushika... kidogo tu.

Maana nilipoingia ndani ya trela kuchukua chumvi, nilimkuta kaketi kwenye kitanda changu. Kitanda chetu! Kakumbatia mto wa Eusebio, analia.

"Toka hapo!"

"Dada, ngoja nikueleze..."

"Umelala hapa! Usinidanganye, umelala humu ndani!"

"Ndiyo," akasema. "Nimelala."

Jamani... nilishika ukuta, na ukuta wenyewe ni turubai. Nusura nianguke mtoni.

Watoto wakaja mbio.

"Mama, kuna nini?"

"Harusi hakuna!" nikapiga kelele. "Huyu na baba yako! Humu humu!"

Yesenia akaziba mdomo. Abelardo akawa mweupe kama karatasi.

Delfina akafuta machozi kwa kiganja.

"Nililala humu na mume wangu, Plácido," akasema. "Trela hii ilikuwa yetu kabla haijawa yenu. Alipougua tukaiuza. Yesenia, mwanangu, njoo. Mwonyeshe kidevu chako."

Yesenia ana kovu pale, sote tunalijua.

"Alianguka kwenye ngazi hii hii, akiwa anajifunza kutembea. Na ukitaka niseme yote, alianzia kwenye kitanda hiki hiki."

"Mama!!" Yesenia akakimbia nje.

Abelardo akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Kwamba Eusebio aliinunua kwa mtu nilijua, kwa nani sikuwahi kuuliza. Lakini nilikuwa bado nina langu.

"Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Nilikuona unavyoipangusa kwa kitambaa, kama unapangusa altare. Nikasema nikifungua mdomo nitakunyang'anya kumbukumbu yako."

"Kwa hiyo Eusebio ulimwona?"

"Mara moja tu, alipokuja kununua. Plácido yuko kitandani hoi, mumeo kasimama uani, kofia mkononi, habari zote ni zako. 'Mke wangu hajawahi kulala kambini kando ya mto. Mke wangu atafurahi.' Dada, mke huyo nilimwonea wivu! Sikumjua hata jina, nikalia usiku kucha kwa kumwonea wivu."

Niliketi kando yake. Miaka yote ile, Eusebio hakuwahi kuniambia kwamba alinizungumzia hivyo kwa watu. Nimekuja kuyapata kwa mwanamke niliyekuwa namfukuza.

Kabla jua halijazama tulisali rozari kando ya mto, sote wanne. Ilipofika zamu yangu ya kuwataja marehemu, nilimtaja Plácido kwanza. Eusebio akafuata. Nadhani hakukasirika.

Harusi ni mwezi ujao, Mungu akipenda.

Dada zangu, hasa nyie wajane wenzangu: ukiona mtu anagusa kitu cha marehemu wako, muulize kwa upole. Huenda amekubebea neno la marehemu, na wewe uko mbioni kumfungia mlango.