Friji ya Walioachana

Kidoti alikuwa bafuni anafua mashuka aliposikia mumewe akimwita kutoka jikoni. Akaitika, "Abee," maana ndivyo alivyolelewa, kuitika kwanza na kuuliza baadaye. Akajifuta povu, akatoka. Jikoni hapakuwa na mtu. Mumewe alikuwa nje kabisa, amechuchumaa mbele ya kiyoyozi cha mteja, bisibisi ameibana kwa meno.

"Umeniita?"

Fundi akaitoa bisibisi mdomoni. "Nikuite vipi na hii?"

Jambo dogo, lakini ndani ya nyumba ile mambo madogo yalikuwa yameshakwisha. Kabla mashuka hayajasuuzwa walikuwa wamefika kulekule wanakofika siku zote: siku ile ya hospitali, ulikuwa wapi?

Mimba ilikuwa imetoka mwaka uliopita. Kidoti, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mwanamke wa kuwabembeleza watu wazima wanaolia kwa ajili ya jino, alilala wodini peke yake akipiga simu isiyopatikana. Mumewe alitokea baadaye na mfuko wa machungwa, na hakusema kitu. Ndugu zake Kidoti walimwambia aondoke. Hakuondoka, kwa sababu ya jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Jioni moja, akiwa amejifungia bafuni analia, alisikia sauti ya mumewe nyuma ya mlango: "Kidoti, niliogopa. Nilifika mpaka getini nikarudi. Nisamehe." Hakufungua. Aliona haya, naye aliogopa kwamba wakitazamana neno lile litaharibika. Akalitunza hivyohivyo, na kila ugomvi ulipowaka alilishika, akabaki.

Ila sasa hata hilo lilikuwa linamteleza. Matusi yalikuwa yamezidi, matusi ya kumtoa mtu roho, na kila mmoja akiapa kwamba hakutukana. Ndipo wakaenda kwa mshauri wa ndoa.

Mshauri alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, na ofisi yake ilikuwa juu ya duka la rangi, kwa hiyo watu walilia mle wasijue kama ni ndoa au ni harufu ya rangi. Kidoti alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, hapa ndiyo mwisho," alisema. "Tukitoka hivi tulivyoingia, mimi nafungasha. Na sitaki kufungasha. Nisaidie."

"Hapa kwangu kuna sharti moja," alisema mshauri. "Kabla hujamjibu mwenzako, rudia ulichosikia akikisema. Neno kwa neno, bila chumvi. Anza, baba."

Fundi alitazama mikono yake. "Jumapili alisema... alisema mtoto aliniona nilivyo, akaona bora asije."

Kidoti alishika ukingo wa kiti. "Mimi? Niseme hivyo mimi?"

"Rudia kwanza lako, mama."

"Alisema tumbo langu ni kaburi."

"Sijasema!" Fundi alisimama. "Haki ya Mungu sijawahi kusema!"

Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima Kidoti alimtazama usoni, akaona hofu tupu. Mshauri alivua miwani.

"Aliposema, mlikuwa mnaonana?"

Wakafikiri. Kidoti alikuwa chumbani, fundi jikoni. Mara nyingine fundi chumbani, yeye bafuni. Siku zote korido katikati.

"Nani aliona mdomo wa mwenzake?"

Fundi akaketi tena.

"Kuna nini kwenye hiyo korido?"

"Friji," alisema fundi. "Ya wateja. Mume na mke, waliachana ikiwa kwangu. Huyu akasema usimpe yule, yule akasema usimpe huyu, na hakuna aliyeifuata. Lakini haijachomekwa kwenye umeme, mama. Waya niliukata mwenyewe."

"Mbona inanguruma?" aliuliza Kidoti polepole. "Nilidhani umeirudishia waya."

"Mimi nilidhani wewe umenitafutia fundi mwingine," alisema, na kwa desturi yake ulikuwa utani, lakini hakuna aliyecheka.

Mshauri aliiweka miwani mezani. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, akitazama mlango wake mwenyewe.

"Wanaokuja hapa wanagombana. Ninyi mnagombanishwa. Marehemu mama yangu alikuwa akitibu mambo haya, mimi nikakimbilia shule nisiyaone. Sikilizeni. Iondoeni hiyo friji leo, kabla giza halijaingia, mkiwa mmeishika wote wawili. Msisemeshane kupitia ukuta. Usipouona mdomo, usijibu. Na wewe mama, kama una desturi ya kuitika abee, ifungie kabisa. Kila ukiitika, unakikaribisha kilichomo humo."

Walirudi nyumbani, wakampigia mnunuzi wa vyuma chakavu, akasema yuko njiani. Wakakaa sebuleni kumsubiri, magoti yakigusana, wameshikana mikono kama wachumba waliofumaniwa, kila mmoja akiutazama mdomo wa mwenzake. Jua lilikuwa bado dirishani. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya friji iliyofungwa muda mrefu, ya ubaridi uliooza.

Kisha friji ikaanza kunguruma.

"Kidoti," ikaita korido, kwa sauti ya mumewe, na midomo ya mumewe ilikuwa imefungwa mbele yake, na kabla hajapata pumzi akasikia sauti yake mwenyewe ikiitika kule, "Abee," kwa adabu ileile aliyofundishwa na mama yake, na sauti mbili zile zikaanza kusemeshana, kwanza kwa upole, umeona mswaki wangu, sijauona, kisha kwa ukali, ulikuwa wapi, nilikuwa kazini, kazi gani usiku kucha, kisha yale mengine, la kaburi, la mtoto aliyeona bora asije, na mengine ambayo hawakuwahi kuambiana bali kila mmoja alikuwa ameyafikiria peke yake kitandani, yakitoka sasa kwa zamu, yakikaribia, yakiukwaruza mlango wa sebule kwa kucha, huku wao wawili wakibanana mikono mpaka pete ikamkata Kidoti kidole na damu ikatoka, wala hakuna aliyejibu, hakuna aliyefungua mdomo, mpaka honi ya gari ilipolia nje na kila kitu kikakoma.

Waliibeba pamoja, yeye upande huu, fundi upande ule. Ilikuwa nzito kama imejazwa mchanga. Kidoti alilia njia nzima lakini hakuachia. Mnunuzi alishangaa kuona watu wanauza friji kwa bei ya bure na bado wanamshukuru, akaondoka nayo.

Nyumba ikanyamaza. Walirudi sebuleni, wakaketi palepale. Kidoti alicheka kwanza, kisha akalia, na mumewe akamfuta machozi kwa mkono wenye grisi.

"Mabaya yote yale hayakuwa yetu," alisema Kidoti. "Unajua ni nini kilichonibakiza hapa? Jioni ile niliyojifungia bafuni, ukasimama nyuma ya mlango. Ulivyoniambia uliogopa. Ulifika mpaka getini ukarudi. Ukaniomba msamaha. Lile peke yake ndilo lililonibakiza."

Mkono wa fundi ukasimama shavuni mwake.

"Kidoti." Akaushusha mkono. "Mimi sikusema hivyo. Jioni ile nilikuacha bafuni, nikaenda kulala karakana."

Kidoti akarudi nyuma kitini. "Basi ni uongo. Hukufika getini."

"Nilifika." Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Nilifika, nikashika chuma cha geti, nikarudi. Lakini sijamwambia mtu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote."

Walitazamana. Kila kitu sasa kilikuwa hapo mbele yao, wala hakuna jini aliyehitajika kuwasemea.

"Niambie sasa," alinong'ona Kidoti. "Mdomo wako nauona. Niambie wewe, mume wangu. Neno lile moja tu."

Alitaka. Kidoti alimwona akitaka, shingo ikimsimama, midomo ikifunguka na kujifunga, na alimngojea kwa moyo wake wote, kama alivyomngojea wodini.

"Mimi..." alisema fundi. "Lakini na wewe siku ile... hukuniuliza. Hata mara moja hukuniuliza."

Kidoti alifumba macho. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na alijisikia mpweke kuliko alivyowahi kuwa pale kitandani pa hospitali.

Kule koridoni, mahali palipobaki alama nne za miguu ya friji, kitu kikaanza kunguruma taratibu.

"Kidoti," ikaita sauti ya mumewe, laini, karibu kabisa na mlango. "Niliogopa. Nisamehe, mpenzi wangu."

Akafumbua macho. Mumewe alikuwa mbele yake, midomo ameibana, akitikisa kichwa, akimsihi kwa macho yaliyojaa machozi, asiweze hata sasa kusema lolote.

Kidoti akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Abee," akaitika.