Mbeleko ya Kulwa na Doto

Mbeleko-joto ilikuwa kazini kifuani mwa Kalunde. Nyuzi-joto zake, nyembamba kama nywele, zilifyonza joto la mwili wa mama na kumpelekea mtoto njiti aliyelala ndani, kwa kipimo, asipoe wala asiungue. Haikuhitaji umeme. Mitambo ya hospitali ya kulelea njiti ilikuwa ya wenye uwezo; kitambaa hiki kilipatikana kila zahanati, Tabora hadi Kigoma.

Mhandisi Nyamizi, aliyekibuni, alipanda mnara wa makazi ya wafanyakazi wa reli kutoa pole. Kalunde alikuwa amejifungua mapacha. Juzi alimzika Kulwa. Aliyebaki kifuani ni Doto.

"Pole sana, mama Kulwa."

"Asante. Karibu kiti. Mimi nikikaa nasinzia."

"Nani anakupokea mtoto?"

"Anipokee nani? Baba yao yuko migodini, Mwezini. Mama yangu yuko Urambo, hawezi hata kusimama."

"Na majirani?"

Kalunde alionyesha korido, ambako roboti wawili walikuwa wakipiga deki. "Majirani ndio hao. Wafunge mbeleko basi, wabebe!" Alicheka, kisha akaikumbatia mbeleko. "Nilishikwa na homa, dada, kuwabeba wawili kukanishinda. Nikamfungua Kulwa nilale kidogo. Nilimfunika mablanketi yote. Nilipoamka alikuwa ameshapoa."

Nyamizi hakuweza kumtazama. Katika mbeleko ya kwanza, betri ya kupasha joto ndiyo iliyokuwa ghali, naye ndiye aliyeiondoa. Wenzake wa karakana walimuuliza, mama akichoka je? Akawacheka. Kwao Sikonge mtoto mchanga hupita mikononi mwa bibi, shangazi, mama mkubwa, hadi mama mzazi amtafute amnyonyeshe. Alishona kitambaa kinachotegemea watu hao wote, akakipeleka kwenye minara wasikokuwepo.

"Nitairudisha betri," alisema.

"Bei itapanda?"

"Itapanda sana."

Kalunde alimtazama Doto. "Basi nisingeipata. Wangekufa wote wawili wiki ya kwanza."

Hilo Nyamizi alilijua. Alilijua tangu asubuhi, alipopewa habari za msiba. Alivua koti.

"Nipe mtoto. Nenda kalale."

"Una kazi zako, mhandisi."

"Nipe, mama."

Kalunde alisita, kisha akafungua fundo taratibu. Kitambaa kilipogusa kifua cha Nyamizi kikaanza kunyonya joto lake. Alihisi ubaridi ukimpanda mabegani. Hakujua kwamba humchosha mbebaji kiasi hiki.

Alisimama kando ya kitanda. Kalunde akapitiwa na usingizi, mkono wake umekamata pindo la sketi ya mhandisi.